Mguu Uliofukizwa Udi

Mimi ni mtu wa kinyaa. Natanguliza hilo kwa sababu bila kulijua hutaelewa ugonjwa ulivyonitesa, wala nilivyopona. Tangu utoto wangu sili kwa watu. Nikienda mahali nabeba maji yangu mwenyewe, na nikilazimishwa chai hukishika kikombe mpaka mwenyeji ageuke, kisha nakiweka chini kama nilivyopewa. Unywele ndani ya mchuzi hunishindisha na njaa. Mume wangu, Athman, hupenda kuwahadithia watu kwamba siku alipokuja kwetu kuposa alisugua kucha mpaka zikamuuma, maana alikuwa ameshaonywa.

Na mtu huyo huyo ndiye mpishi wa harusi. Mimi na wifi yangu Rukia, dada mkubwa wa Athman, tumepika harusi za hapa Malindi, tumepika Sabaki, tumepika mpaka Mambrui ng'ambo ya mto. Wapishi wenye mkono mtamu wako wengi. Sisi tulitafutwa kwa usafi. Kabla moto haujawashwa, wanawake wote wa jikoni walikuwa wakininyooshea vidole niwakague kucha, na mwenye kucha chafu alirudi kwao hata akiwa ndugu wa bibi harusi. Walinisengenya sana. Lakini walikata kucha.

Wageni wakishakula, ndipo wapishi nasi hutengewa sinia letu. Tunalizunguka, tunakunja leso, tunakula kwa mkono. Hilo ndilo sinia pekee nililokuwa nikila na watu, kwa kuwa mikono ile nilikuwa nimeikagua mwenyewe. Hata hapo kuna jambo moja sikulikubali. Kwetu mtu akikupenda humega tonge akakutia kinywani. Mimi sikumfungulia mtu kinywa. Rukia alijaribu siku ya harusi yangu, mbele ya wanawake wote, nikageuza uso, na tonge likaniangukia begani. Alicheka na wengine. Najua lilimuuma.

Sasa nije kwenye mguu.

Nyuma ya nyumba tuna birika la maji, na chini ya bomba lake ndipo tunapooshea mchele. Wakati wa mvua za masika, saruji ile huota utando wa kijani. Nyinyi mnaujua. Laini, wenye maji maji, ukiugusa kwa kidole unavutika kama kamasi la mtoto. Sijapata kuchukia kitu duniani kama utelezi ule. Kila juma nilikuwa nikiukwangua kwa kisu kikuukuu huku nimeziba pumzi. Juma lile sikuwahi, kwa kuwa tulikuwa na kazi. Nikapita pale na sufuria ya mchele uliooshwa, mguu ukanitoka, nikasikia mfupa wa muundi, chini ya goti, ukilia kama kuni kavu.

Mfupa ulitoboa ngozi. Niliuona, mweupe, umechungulia nje. Lakini kilichonichafua moyo si mfupa wala damu. Ni ule utando wa kijani, ambao ulikuwa umejipaka kwenye kidonda wakati nikijiburura. Rukia alipokuja mbio nilikuwa sililii mguu. Nilikuwa namwambia anifute, anifute haraka.

Hospitali ya mjini walifanya lililo juu yao. Waliosha, wakaunga, wakafunga plasta wakaiachia kidirisha cha kusafishia kidonda. Wakaniambia nirudi kila mara, na nikiona usaha nisikae nyumbani hata kidogo. Nilirudi mwanzoni. Plasta ikatolewa, mfupa ukawa umeshika, nikaanza kutembea. Kidonda tu ndicho hakikufumba. Kilibaki kama tundu la kifungo, na ndani yake kulikuwa na unyevu usiokauka.

Halafu ikaingia Shaabani. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Watu wote wanataka kuoza watoto wao kabla ya Ramadhani, na mpishi hana pa kuegemeza kichwa. Nikawa nasimama kwenye moto kutwa, na tundu lile likaanza kutoa maji, na maji yakaanza kunuka.

Nyumbani kwetu kila harufu jibu lake ni udi. Nguo tunazifukiza, nywele tunazifukiza, chumba cha mgonjwa na chumba cha bibi harusi vyote tunavifukiza. Kwa hiyo wala hatukushauriana. Rukia alileta chetezo, akanikalisha kitini, akaufunika mguu wangu kwa leso, moshi ukapanda ndani kama ndani ya hema. Kisha akanyunyiza dalia juu ya kidonda, ule unga wa manjano wenye manukato anaojipaka bibi harusi, na ndani ya bendeji akapanga maua ya asumini. Nilifurahi. Kweli nilifurahi. Nilitoka pale nanukia kuliko bibi harusi mwenyewe.

Tukafanya hivyo kila asubuhi, msimu mzima. Hospitali waliniambia nikiona usaha nirudi. Mimi sikuuona, kwa sababu usaha ni wa manjano na dalia ni ya manjano, vikachanganyika vikawa uji mmoja. Nikifungua bendeji jioni nakuta ukoko wenye rangi nzuri, unaonuka asumini juu na chini unanuka kama panya aliyefia ndani ya dari. Naukwangua, nafukiza tena, napaka tena. Nikiandika haya mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni. Nashangaa nilikuwa na moyo gani.

Ndani mfupa ulikuwa ukiniuma kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Si maumivu ya kukatwa. Ni kama jino bovu, lakini refu toka goti mpaka kifundo. Nikawa napata homa, natetemeka mbele ya moto ule ule unaowatoa wenzangu jasho. Nikasema ni uchovu.

Mwisho wake ulifika Sabaki, kwenye harusi ya binti wa mama mmoja tuliyekuwa tukimwita Bi Zainabu. Ni watu wenye mashamba, na walikuwa wamealika watu wengi. Biriani ilikuwa imeshapikwa, sufuria zimefunikwa na makaa juu ya vifuniko, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wenzangu tukikata vitunguu vya kachumbari. Nzi walikuwa wakinisumbua. Niliwafukuza kwenye vitunguu, nao hawakuwa wakitaka vitunguu. Walikuwa wakitua kwenye leso yangu, sehemu moja, wakirudi pale pale. Nilipoinama kutazama niliona doa limeshatokeza nje, bichi, pana kama kiganja.

Nikanyanyuka nitoke. Bendeji ikateremka. Ikaanguka na asumini yake iliyooza, na pamoja nayo kikatoka kitu kigumu kikadondoka juu ya mkeka, karibu na vitunguu. Kilikuwa kipande cha mfupa. Mfupa wangu. Kimeliwa liwa pembeni, rangi yake kama jino la mtu mzee.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingelikuwa afadhali. Bi Zainabu alikuja, akatazama mkeka, akatazama mguu, akajifunika pua kwa ncha ya mtandio. Hakunitukana. Aliwaambia wanaume tu, kwa sauti ya kawaida, wakachimbe shimo.

Biriani yangu yote ilizikwa. Sufuria baada ya sufuria, na nyama yake na zafarani yake, kwenye mchanga wa kule chini karibu na mto. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari nikingojea kurudishwa mjini, na nilisikia majembe. Wageni walilishwa mikate ya dukani na soda. Kama ningekuwa mimi ndiye mama wa bibi harusi, ningelizika na sufuria.

Nyumbani nilianza maisha mengine. Habari ilikuwa imeshafika mtaani kabla yangu, na watu wakawa wanakuja kunipa pole na kunusa. Wanaketi karibu na mlango. Wanauliza hali huku wanatazama dirisha. Athman masikini alivumilia alipoweza, kisha akahamishia godoro lake kwenye chumba cha mbele, akasema ni joto. Na Rukia akaninunulia sahani ya bati, akaitia alama chini kwa rangi ya kucha, akawa ananipakulia chakula changu peke yangu. Wao wanakula sinia ukumbini, mimi chumbani na bati langu.

Siku moja nilimuuliza mbona ananifanyia hivi. Nilikuwa nataka anidanganye, aseme ni kwa ajili ya kunipumzisha. Rukia si mtu wa kudanganya.

"Mwanaidi, wanuka," akasema. "Nakuonea kinyaa, na wewe katika watu wote wajua kinyaa ni kitu gani. Lakini siendi popote."

Nilimchukia kwa neno lile. Nilikaa na hasira nikayahesabu mema yote niliyomfanyia. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiniosha. Na siku moja akiniosha, niliona mkono wake umesita. Kidonda kilikuwa na funza. Walikuwa weupe, wanene, wanajizungusha ndani ya tundu kama wali unaochemka. Rukia alichukua kibanio cha nyusi, akamtoa mmoja. Akainuka, akatoka uani, nikamsikia akitapika. Akarudi, akafuta mdomo kwa leso, akamtoa wa pili. Akatoka tena. Alikwenda na kurudi mpaka kidonda kikabaki kitupu. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nimeuma mto, na nilichokuwa nikikisema moyoni ni kwamba mguu huu si wangu tena, ni mzoga uliofungwa kwenye mwili wangu.

Kwa hiyo Athman aliponipeleka Kilifi, kwenye hospitali ambayo mtu alimwelekeza, nilikuwa nimeshaamua. Gari la kukodi lilikwenda na vioo vyote wazi. Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana, anaitwa Kadzo, mzaliwa wa Jilore, na sauti yake ilikuwa ya Kigiriama tupu hata akisema maneno ya kitabibu. Alinipa shikamoo kabla ya kunishika. Sikungoja aniulize.

"Marahaba, mwanangu. Ukate," nikamwambia. "Kata hapa juu ya goti, ukautupe mbali."

Alifungua, akatazama, akanusa bila kuona haya, akaniambia nisogeze vidole. Nikavisogeza. Akabonyeza juu ya unyayo akatafuta mshipa, akaupata. Akanipeleka kwenye picha, akaitundika ukutani, akanionyesha muundi wangu. Katikati ya mfupa palikuwa na pango, na ndani ya pango kijiti cha mfupa uliokufa.

"Mama, mguu huu u hai," akasema. "Kilichokufa ni hiki kijiti. Wewe wataka nikate mguu kwa sababu ya hatari, ama kwa sababu ya kinyaa?"

Rukia, aliyekuwa amekuja kunishika mkono, akasema, "Kinyaa." Daktari akacheka kidogo.

Alitueleza, nami nitaeleza kama nilivyoelewa. Mfupa uliokufa hauna damu, na dawa za kumeza na za sindano husafiri kwa damu, kwa hiyo hazifiki. Wadudu wa maradhi wanakaa mle ndani raha mustarehe. Itabidi apasue, akwangue pango lote mpaka afike kwenye mfupa unaotoa damu, kisha alijaze, kwa sababu pango likiachwa tupu litajaa usaha tena. Pale kwao walikuwa na kitu kipya cha kujazia. Ni cha majaribio bado, akasema, wamekitia kwa watu wachache. Kinabeba dawa ndani yake na kuitoa polepole.

Nikamuuliza kitu hicho ni nini. Akasema kinatokana na mwani.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mwani mdogo sana wa majini, jamaa ya ule unaofanya utelezi wa kijani kwenye mawe na mabirika.

Hapo niliwaka. Nilimwambia kwamba ni utelezi huo ulionivunja, ni utelezi huo ulioingia kidondani, nimeukwangua miaka na miaka nimeziba pumzi, na sasa yeye msomi mzima anataka kuuchukua anitie ndani ya mfupa wangu kwa kijiko. Nilisema mengi. Nilisema bora mguu wa mti. Athman naye alikuwa na lake, akauliza kama ndani mna nguruwe au mnyama asiyechinjwa. Daktari akamwambia hamna mnyama wa aina yoyote. Athman akatua. Mimi sikutua.

Daktari hakunibembeleza. Alileta kiti cha magurudumu, akanisukuma mwenyewe mpaka maabara, akaniweka mbele ya hadubini. Akaniambia nitazame kwa jicho moja.

Mimi nilitegemea kuona kamasi. Niliona vyombo. Sina neno jingine. Vilikuwa visahani vya kioo, vya mviringo, na vingine virefu kama vihori vya wavuvi, na kila kimoja kimetobolewa vitundu kwa safu zilizonyooka. Vitupu, vikavu, vinang'aa.

"Mwani huu twaufuga wenyewe ndani ya matangi," daktari akasema. "Kila mmoja wajijengea ganda la silika, kitu kile kile kilicho ndani ya mchanga na kioo. Sisi twauosha kwa tindikali, kisha twauchoma kwenye tanuri mpaka kila kilichokuwa hai kimekwisha. Yabaki maganda. Dawa twaitia kwenye vile vitundu, yatoka kidogo kidogo, pale pale penye maradhi. Na ganda lenyewe layeyuka polepole, mfupa mpya waja ukachukua mahali pake."

Rukia akaniondoa kichwa naye atazame. Alitazama kwa muda. Akasema, "Ni kama kifumbu."

Na kweli ni kama kifumbu, kile cha kuchujia tui, ila cha kioo. Kitu nilichoking'ang'ania mimi ni tindikali na tanuri. Maisha yangu yote nasugua sufuria kwa jivu na mchanga na bado nikiitazama naona doa. Pale mbele yangu palikuwa na kitu kilichosafishwa mpaka hakuna cha kusafisha tena. Utelezi wote ulikuwa umeondolewa, kimebaki chombo. Nikatazama mara nyingine, nikatazama na mguu wangu uliofungwa, unaolowesha bendeji mbele ya macho yangu. Kati ya viwili hivyo, kichafu kilikuwa mimi.

Nikamuuliza ananiahidi nini. Akasema haahidi kitu. Huenda isishike, akasema, na ikiwa hivyo tutarudi kwenye kukata, lakini tutakuwa tumejaribu. Nilipenda alivyojibu. Nikakubali.

Sitaki kuipamba hospitali. Nilishukuru kutibiwa, na nilichukia kila kitu. Nilichukia beseni la haja kubwa. Nilichukia mpira uliotoka mguuni ukidondosha damu nyeusi ndani ya chupa, na wenzangu wodini wanakula maharagwe huku wanaitazama. Dawa za kumeza zilinipa ladha ya msumari mdomoni, chakula chote kikawa msumari. Nilitapika kwenye shuka, na aliyekuja kubadilisha shuka alikuwa na kucha ndefu. Hata hilo nililiona.

Lakini yote hayo hayakuwa kitu. Nilikuwa nangojea bendeji ifunguliwe. Daktari alikuwa ameniambia kwamba alikwangua mpaka mfupa ukatoa damu nyekundu, akajaza chembe zile za maganda zikiwa zimekandwa kama unga wa mkate, akashona. Mimi nilikuwa nikilala hapo nikinusa hewa. Kila harufu iliyopita nilidhani ni yangu.

Siku ilipofika daktari alifungua, akatazama mshono, akasema ni mzuri. Nikamwambia sitaki kusikia uzuri. Kidonda changu kilikuwa kizuri msimu mzima, chenye rangi ya dalia. Akaelewa. Akajivuta nyuma kidogo. Rukia akasogea, akafunga mtandio vizuri, akainama mpaka pua yake ikagusa ngozi yangu. Akavuta pumzi. Mimi sikuweza kumtazama, nilimtazama daktari.

"Yanuka dawa," Rukia akasema. Akavuta tena. "Dawa na ngozi. Basi."

Nililia kama mtoto. Kilio ndicho kilichokuwa kimenishinda siku zote, na sasa kilitoka.

Sikupona kwa siku moja, na atakayekwambia mifupa hupona upesi anakudanganya. Nilitembea kwa magongo mpaka makwapa yakachubuka. Nilimeza dawa muda mrefu. Kila nilipokwenda kupigwa picha daktari aliitundika ukutani na kunionyesha lile pango. Mwanzo lilijaa chembe, nyeupe, zimejitenga kama chenga za chumvi. Baadaye chembe zikaanza kupoteza kingo zake, na mfupa ukawa unakuja kutoka pembeni. Mara ya mwisho ilibidi anionyeshe kwa kalamu pango lilipokuwa. Bado ananiita nimwone, kwa kuwa jambo hili ni jipya na wanataka kulifuatia. Naenda. Nachechemea kidogo nikichoka, na muundi una kovu refu, baya. Silifichi.

Namshukuru Mungu, kisha yule binti wa Jilore, aliyeninusa bila kuona haya. Namshukuru Athman, ambaye amerudisha godoro lake. Na kwako wewe unayesoma, kama una kidonda kisichofumba baada ya kuvunjika, acha usafi wa juu juu. Usikipake dalia, usikifukize, usikitie kahawa wala manukato. Kiache kinuke, na uende nacho hospitali kikinuka hivyo hivyo, mbele za watu, uone haya ukitaka lakini uende. Ile harufu ndiyo iliyokuwa ikisema kweli nyumbani kwetu, nasi tukaiziba mdomo. Mpaka leo udi siuwezi. Nikipita mlango wa mtu amefukiza, naona ule uji wa manjano. Sikukuu nyumbani kwangu tunafungua madirisha tu.

Limebaki jambo moja.

Shaabani nyingine ilipokaribia hakuna aliyetuita. Nilijua hakutakuwa na wa kutuita. Kisha asubuhi moja akaja Bi Zainabu, toka Sabaki, amevaa buibui jipya. Alikuwa anaoza binti yake wa pili. Hakuzunguka. Alisema amekuja kuuona mguu. Nikaketi, nikapandisha leso. Aliinama akatazama, akavuta pumzi puani, sikumlaumu, kisha akaniuliza anunue mchele kiasi gani.

Tukapika mahali pale pale. Mchanga wa kule chini ulikuwa umeota majani mahali palipozikwa biriani, na kila aliyepita na ndoo alipatupia jicho. Nilikagua kucha za watu wote ila Rukia. Niliona wanavyotazama upindo wa leso yangu. Chakula kikapakuliwa, kikaenda, sinia zikarudi tupu. Bi Zainabu mwenyewe alikula. Nilimwona.

Ndipo likaletwa sinia letu. Wanawake wakalizunguka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kibao, mguu nimeunyoosha, na mkononi nimeshika sahani yangu ya bati. Nilikuwa nimekuja nayo toka nyumbani. Hakuna aliyeniambia niilete. Nilikuwa nangoja nipakuliwe.

Rukia aliniona. Akainuka, akaja, akaichukua sahani ile mkononi mwangu, akaenda akafunikia makaa yaliyobaki. Akarudi kwenye sinia, akamega tonge, akalikanda kwa vidole kama tunavyokanda, akaja nalo akalishika mbele ya mdomo wangu. Wote walikuwa wakijua mimi ni mtu gani.

Nikautazama mkono wake. Chini ya kucha kulikuwa na manjano ya zafarani, na ganda la kitunguu limeganda kwenye kidole gumba. Sikuwa nimeukagua mkono ule siku hiyo, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Ulikuwa mkono ule uliotoa funza.

"Haya, mwenye kinyaa," akasema.

Nikafungua kinywa. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Nikatafuna, nikameza, nikafungua tena.